Mkono wa Kushoto wa Mama Mukasine

Heshima si kitu kibaya, sisemi hivyo. Lakini kuna siku inamwacha mtu peke yake, na Mukasine wa Kirotshe ndiye shahidi wangu.

Tangu wamzike mume wake Gustave, miaka mitatu sasa, mama huyu alikuwa analima maharagi yake mlimani, anapika bukari, ule ugali wa kwao, ya mtu mmoja, analala. Watoto Mungu hakumpa. Siku nne ziliweza kupita bila mtu kutamka jina lake. Jumapili moja mvua ikamshika akitoka misa, akakimbilia ukumbi wa parokia, na mle akamkuta Papa Floribert akigonga mpira wa ping-pong ukutani. Floribert ni muuguzi mstaafu, mjane kama yeye. Ndiye aliyekuwa akimwogesha Gustave na kumgeuza kitandani wiki zile za mwisho.

"Mama Mukasine! Kamata raketi, njoo tucheze."

Eh, jina lake hilo! Akakamata.

Basi ikawa kila Jumapili. Kurudisha mpira juu ya wavu alijifunza upesi. Shida ilikuwa kuanzisha. Kwao, ukimpa mkubwa kitu, unakitoa kwa mkono wa kuume, na wa kushoto unashika kiwiko. Sasa mpira wa kuanzisha unarushwa na huo huo wa kushoto! Mama wa watu anarusha, mkono unakimbia kurudi kiwikoni, raketi inachelewa, mpira chini, pa! Na ukifaulu kuvuka, anauweka taratibu mbele ya Floribert, kama mtu anayemwandalia mgeni sahani.

"Mama, uko unanihurumia?"

"Hapana, Papa. Mutu mwenye aliogesha bwana yangu, nitamupiga mipira namna gani?"

Floribert akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Binti yangu anataka niende kukaa kwake Bukavu," akasema. "Nyumba yangu iko kimya sana. Nikipata mwenye kucheza na miye kabisa, nitabakia. Lakini ile heshima yako inaniacha niko nacheza peke yangu."

Maneno hayo Mukasine alirudi nayo nyumbani, na usingizi ukakataa. Alitaka kumwambia, "Papa, bakia." Lakini mjane amwambie mjane hivyo? Midomo ya Kirotshe unaijua! Akaona afadhali mkono umsemee. Wiki nzima, akitoka shambani, alirusha viazi vidogo kwa mkono wa kushoto, akavipiga kwa mfuniko wa sufuria. Majirani wakasema uchungu umempanda kichwani. Aliwaacha waseme.

Jumapili akarusha mpira juu. Mkono wa kushoto ukataka kurudi kiwikoni, akaukatalia. Akapiga. Mpira ukampita Floribert, ukagonga dirisha.

"Wapi! Umenipiga!" Mzee akacheka mpaka akashika meza. Mukasine akampiga wa pili, na wa tatu, na moyo wake ukajaa furaha ambayo alikuwa ameisahau.

Ndipo Floribert akakaa kwenye benchi, akijifuta jasho.

"Jana binti yangu alipiga simu," akasema polepole. "Nilimujibu ndiyo. Gari inakuja kunichukua kesho kutwa."

Siku moja. Alichelewa siku moja tu. Mukasine akaweka mpira mezani. Akamrudishia raketi kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko. Floribert akautoa ule mkono kiwikoni, polepole, kama alivyokuwa akimshika mgonjwa.

"Hapana, Mama. Bakia nayo."

Jumapili iliyofuata Mukasine alisukuma meza mpaka ukutani. Akarusha mpira, akapiga kwa nguvu zake zote, akapiga tena. Hapakuwa na mtu wa kumheshimu.