Masizi Kwenye Paji la Makori

Harufu ya iliki ikinipata mahali popote, hata leo nikiwa bibi mwenye wajukuu, mkono wangu wa kushoto huenda wenyewe mgongoni. Unapapasa. Unamtafuta mtoto aliyekuwa amefungwa hapo zamani, na usipomkuta moyo hunidunda kidogo kabla sijakumbuka kwamba mtoto huyo sasa ni mzee mwenye mvi, ana ng'ombe wake kule Kebirigo na hachoki kulalamikia magoti yake. Wajukuu zangu hunicheka. Nyinyi msinicheke kwanza, ngojeni nimalize.

Kwetu ni Sironga. Katika miaka ya arobaini, nilipokuwa msichana mdogo, kazi yangu ilikuwa ya omoreri, yaani mtoto wa kumlea mtoto mwenzake. Wasichana wa rika langu walikuwa hivyo karibu wote. Tulicheza, tuliteka maji, tuligombana, na kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni akipiga miayo. Wa kwangu alikuwa mdogo wangu Makori. Kabla yake mama alikuwa amezika watoto wawili wachanga, kwa hiyo aliponikabidhi Makori hakunipa tu mzigo wa kubeba. Alinitazama usoni mpaka nikaona haya, kisha akakaza fundo la shuka kifuani pangu.

Tatizo la Makori lilikuwa uzuri wake. Alizaliwa mweupe, ngozi laini inayong'aa kama amepakwa mafuta, na kwetu mtoto wa namna hiyo hupatwa upesi na ebibiriria. Wako watu, wengi wao wanawake, ambao jicho lao likitua juu ya mtoto, vitu vidogo vidogo humganda mwilini, nyuzi, mchanga, makapi ya wimbi, na kuzama ndani ya ngozi. Mtoto hukohoa, hukataa titi, kisha hufa. Magokoro, mama yake baba, alisema wale wawili waliondoka hivyo. Na jambo lililonitisha zaidi ni kwamba mwenye jicho, kwa maneno ya magokoro, si lazima awe mbaya. Anampenda mtoto, anamtazama sana, basi.

Siku mama alipoamua kwenda Bosongo kuuza wimbi, nilikosa usingizi. Bosongo, yaani "kwa Wazungu", ndivyo tulivyouita mji wa Kisii. Magokoro alikuwa amefika huko mara moja tu maishani, lakini aliujua mji wote, au alisema anaujua, na alinichorea kwa kidole kwenye majivu ya mekoni. Juu kabisa, kwenye mikaratusi, ni boma la serikali. Huko usiende, utafungwa. Chini yake ni maduka ya Wahindi, yenye mabati na mafundi wa cherehani barazani. Huko usiguse kitu. Chini tena ni uwanja wa soko, hapo ndipo utakapokaa. Halafu kidole chake kilishuka mpaka ukingo wa majivu, kikasimama. Huko bondeni, karibu na kijito, ndiko kwa Waislamu. Nyumba zao zimegusana ukuta kwa ukuta, hakuna ghala la wimbi hata moja, na hakuna ajuaye wanakula nini. Mtoto akiingia huko damu yake hunyonywa ikapelekwa pwani. Alifuta ramani yake kwa kiganja, akaniambia nikalale.

Tulifika jua likiwa limepanda. Mama alitandaza gunia sokoni, akanikalisha nyuma yake, Makori nikiwa nimemfunika blanketi gubigubi. Nisihame hapo, mtoto asifunuliwe, asitazamwe na mtu. Hayo aliyarudia kwa kila mteja aliyeondoka. Niliketi nikitazama miguu ya watu. Sikuwahi kujua kwamba duniani kuna miguu mingi hivyo, na juu ya kila miguu macho mawili.

Mchana ikaja mvua ya mawe. Anayeishi milima yetu anaijua; haipigi hodi. Watu wote walikimbia mara moja, gunia la mama likakanyagwa, na mimi nikasukumwa pamoja na wengine, nikikimbia nilikopelekwa, mikono yote miwili nyuma kumkinga Makori kichwa. Nilipopata pa kusimama, chini ya upenu wa bati, mama hakuwapo. Niliinua macho. Nyumba zilikuwa zimegusana ukuta kwa ukuta. Nilitazama kila upande nitafute ghala, hata moja tu, na sikuliona.

Ndipo mlango ulipofunguka nyuma yangu na harufu ile ikatoka, tamu, ya moto, harufu ambayo pua yangu haikuwa na jina lake. Mwanamke aliyejifunga kanga alinishika bega. "Ingia, mwanangu. Mtoto atalowa." Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi na kiberiti, hicho sikukielewa, niliuelewa mkono tu, nao ulinivuta ndani.

Alikuwa akikaanga mahamri. Alinikalisha mkekani, akanipa kikombe cha chai, nami nikakishika bila kukionja, kwa sababu sisi ni Wasabato na mwalimu wetu alikuwa amesema chai ni dhambi. Nilikuwa nahofia kunyonywa damu, na bado nilikuwa na nafasi ya kuhofia chai. Niliitegea sikio nyumba nzima nisikie sauti ya mtoto. Hakuna. Hapakuwa na nguo ndogo kambani wala kikombe kidogo wala kiatu. Nyumba ya mtu mzima kabisa isiyo na mtoto hata mmoja. Kwetu sikuwahi kuiona. Nilijua basi. Watoto walikuwepo, wakaliwa.

Blanketi la Makori lilikuwa linachuruzika maji. Mwanamke yule alilifungua kabla sijapata sauti ya kukataa, akampangusa kwa upindo wa kanga yake, akampakata. Makori, ambaye hakuwa na akili hata kidogo, alimchekea. Na yeye akamtazama. Akamtazama, akamtazama, midomo yake ikacheza na uso ukalainika wote, na mimi nilikuwa nazihesabu nyuzi za kanga ile moyoni nikiona kila mmoja ukizama katika ngozi ya mdogo wangu.

Ghafla uso wake ulibadilika. Alishtuka, akageuza kichwa. Alipitisha kidole chini ya karai la mahamri, kikatoka cheusi, akampaka Makori masizi katikati ya paji, huku akinong'ona maneno yake. Kisha akanirudishia mtoto mikononi, akageukia ukutani, na muda wote mvua ilipokuwa ikinyesha hakututazama tena. Niliuona mgongo wake tu. Amekwisha kumtia alama, nikajiambia. Sasa anamngoja mwenye kuja kumchukua.

Mama alitufikia mvua ilipopungua, amelowa, akiwa ameulizia mlango kwa mlango. Aliliona lile paji na rangi ikamtoka. Hakusalimia. Alimnyakua Makori, akanishika mkono, na hatukurudi sokoni kuchukua hata gunia.

"Amemtazama?" aliniuliza njiani.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana, mama."

Aliongeza mwendo, na tulitembea hivyo mpaka Sironga.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Magokoro alisugua masizi kwa sabuni mpaka paji likawa jekundu, kisha akampaka Makori siagi mwili mzima na kumkanda, taratibu, kama anayesonga ugali wa mgonjwa, akivitoa vile vitu kimoja kimoja kwenye ncha ya kidole. Uzi mdogo. Chembe ya mchanga. Alinionyesha kila kimoja, nami nilivitambua vyote. Kesho yake Makori alianza kukohoa. Siku ya pili alikataa titi. Mama aliketi naye mlangoni, uso mkavu, hakulia, na hilo la kutolia ndilo lililonifanya nilie mimi. Niliogopa kumshika mdogo wangu. Niliogopa pia kutomshika.

Alipona. Magokoro aliishukuru siagi yake, mama akayashukuru maombi ya Sabato, na hakuna aliyetaja kwamba mtoto alikuwa amenyeshewa mvua ya mawe. Lakini hofu haikunitoka. Kwa miaka mingi nikimwona mwanamke wa kanga akipanda njia ya kwetu, nilikuwa namtafuta Makori na kumkokota nyuma ya migomba, hata alipokwisha kuwa kijana wa kutosha kunizaba kofi.

Basi mtaona maajabu. Nikaolewa, mume wangu akapata kazi ya ukarani mjini, na chumba alichomudu kupanga kilikuwa bondeni kule kule, kwa Waislamu. Wiki ya kwanza nililala nimevaa viatu. Hapo ndipo nilipoanza kuona watoto wa mtaa ule, kila mtoto mchanga ana doa jeusi kwenye paji au unyayoni, na mama zao wakiwapaka wenyewe asubuhi. Na kwenye mlango wa tatu kutoka kwetu ilitoka harufu ya iliki. Aliitwa Bi Zena. Alikuwa yule yule, amezeeka kidogo.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, majirani wote waliingia kumwona isipokuwa yeye. Alisimama kizingitini kila asubuhi, akaacha mahamri, akamjulia hali mtoto huku anautazama mlango. Nilidhani ni maringo. Siku moja nilimuuliza kama anakumbuka msichana wa milimani na mvua ya mawe.

"Mvua za mawe hapa ni nyingi, mwanangu," alisema. "Lakini yule mtoto mweupe, huyo namkumbuka." Alinyoosha kanga yake. "Mimi Mungu hakunijaalia kuzaa. Nilimtazama yule nikaona nimepita mpaka, moyo ulikuwa unamtaka. Nikaogopa. Jicho langu mwenyewe, nitalipeleka wapi? Nikampaka masizi nimharibu uzuri kidogo, nikageukia ukuta."

Miaka yote nilikuwa nikimwogopa mwanamke huyu, na siku ile ndani ya nyumba ile tulikuwa wawili tunaoogopa kitu kimoja, mimi na yeye, na aliyekuwa akimlinda Makori kwa akili ni yeye. Nilijisikia kulia, nikalia.

Kisha nilipitisha kidole chini ya sufuria ya chai, maana siku hizo nilikuwa nimekwisha kuianza dhambi hiyo. Nilimpaka mwanangu masizi kwenye paji, doa kubwa, nikamshika Bi Zena mkono nikamvuta ndani kama alivyonivuta yeye, nikampakatisha mtoto.

"Mtazame, mama," nikamwambia. "Mtazame mpaka ushibe."

Mwanzoni aliutazama mkeka. Halafu akainamisha uso kwa mtoto, na hakuuinua tena mpaka chai ya iliki ilipopoa mbele yetu.