Tundu la Pili kwenye Senti Kumi

Siku ile sebuleni kwa mdogo wangu, mtaa wa Rusimbi hapa Kigoma, tulikuwa watano, na akitokea wa kusema tulikuwa zaidi, basi yeye alikuwa dirishani anachungulia. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, mwenye nyumba. Alikuwapo mumewe, shemeji yangu, kwenye kiti kikubwa, maana kiti kikubwa kikiwapo yeye hakipiti. Alikuwapo wifi yetu, mjane wa mtoto wa mjomba wetu aliyehamia zamani ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire. Wifi alivuka kwa sababu ya vita, akateremkia Katonga na mabinti zake na begi moja. Na alikuwapo bwana mmoja wa forodha, mtu wa Tanga aliyehamishiwa bandarini Kigoma, amepanga nyumba ya jirani. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao pia. Siyaandiki. Wana wajukuu wanaosoma, na wajukuu wa shemeji yangu hawana kosa.

Shemeji huyo alikuwa muuza chumvi ya Uvinza. Kazi ya halali, na chumvi haiozi. Akaiacha, kwa sababu alisikia bwana wa forodha anakusanya pesa za zamani, hasa zile zilizotoka kiwandani na kasoro. Alisikia leo, kesho yake naye ni mtaalamu. Alikwishakuwa mtaalamu wa redio, mtaalamu wa nyuki, na mtaalamu wa kutabiri kama meli itachelewa, jambo ambalo hata kuku wa bandarini walikuwa wanalijua.

Akawa anazunguka stesheni, kule mwisho wa reli. Akarudi na kopo la poda limejaa pesa zilizopondwa na treni, zile ambazo watoto walikuwa wanazitega relini kwa kucheza. Pesa imekuwa bapa kama kitumbua kilichokaliwa, sura ya mtu imevutika hadi haina pua. "Kosa la kiwanda," akasema. Kiwanda gani, hakusema.

Bwana wa forodha alimweleza kwa adabu, mimi nikiwapo. Alisema pesa inazaliwa siku inapogongwa muhuri, na kosa la kweli ni la siku hiyo tu. Likija baadaye ni jeraha. Hizo za kopo zilizaliwa nzima, zikakutana na treni. Shemeji akatikisa kichwa kama aliyekuwa anamfundisha yeye. "Ndiyo hayo hayo ninayosema siku zote." Hakuwahi kuyasema.

Sasa wifi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akafungua fundo la kanga yake akatoa senti kumi ya mkoloni, zile za tundu katikati. Aliachiwa na mama mkwe wake, yaani mke wa mjomba wetu, aliyeondoka nayo Ujiji akiwa mwari. Ila hii tundu lake lilikuwa pembeni, karibu na ukingo. Katikati palikuwa pazima.

Bwana wa forodha akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakawia. Aliporudi alituonyesha. Pesa hizi hutobolewa kwanza, ndipo zigongwe muhuri. Hii ilitobolewa vibaya, ikagongwa hivyo hivyo. Tukaona herufi zilivyoinama kuelekea tunduni, maana chuma kilisukumwa na muhuri kikakuta pako wazi. Tukapitisha kidole: mdomo wa tundu laini. Aliyetoboa baadaye angekata herufi, na angeacha ukingo unaokwaruza.

"Na zaidi ya yote ni hapa katikati," akasema. "Tundu mtu anaweza kuongeza. Kulifuta hawezi."

Sote tulipitisha kidole, isipokuwa mtaalamu. Yeye alikuwa anafikiri.

Lazima niseme hapa ilikuwaje kwa wifi. Alikuwa fundi cherehani, cherehani yake imebaki Uvira, kule ng'ambo. Mdogo wangu alimwambia akae, lakini wifi alikataa kuwa mzigo. Alisema asipopata kazi ya mikono yake atapanda lori la kambi ya wakimbizi pamoja na mabinti. Na bwana wa forodha alikuwa na cherehani ya mkewe iliyokaa bure, mke mwenyewe karudi Tanga, ziwa limemshinda. Wakakubaliana mbele yetu: Jumapili ataitazama tena kwa kioo chake cha kukuzia, ikiwa ni hiyo hiyo, achukue senti kumi, wifi achukue cherehani. Kwa hiyo kuondoka au kubaki kwake kulikuwa kwenye kile kipande cha chuma.

Shemeji akasema jambo la kitaalamu linataka mtu wa kati, pesa akae nayo yeye. Wifi akanitazama mimi, kisha akampa. Mgeni anakataaje nyumbani kwa watu?

"Shemeji, ni ya mama mkwe. Usiniharibie."

"Mimi? Mimi ndiye nitakayeitengeneza."

Neno hilo tulilisikia sote, tukalipuuza. Alikuwa anasema mengi.

Jumapili alichelewa kuingia kwa sababu alikuwa anaosha baiskeli. Baiskeli ile kiti chake kilivalishwa kitambaa chenye pindo, wakati madirisha ya mdogo wangu hayakuwa na pazia. Akakaa, akatoa leso, akaikunjua polepole, kama sonara. Senti kumi ilikuwa inang'aa, imesuguliwa kwa majivu. Na ilikuwa na matundu mawili. Lile la pembeni, na jingine katikati kabisa, la msumari na nyundo.

"Kosa moja ni kitu kidogo," akasema. "Sasa yako mawili."

Bwana wa forodha alipitisha kidole katikati, akakitazama. Kilikuwa kimekwaruzwa.

"Mzee," akasema, "sasa hii ni senti kumi kama zote, ya tundu katikati, ambayo mtu aliitoboa pembeni amvalishe mtoto. Ndivyo atakavyosema kila atakayeiona."

"Lakini la kiwanda si lipo pale pale? Mimi nimelisaidia tu lionekane."

Nimeishi na watu wajinga, nimezaa na mmoja, sijapata kusikia jinga lililokaa vizuri kitini namna ile.

Wifi hakulia. Aliifunga tena pesa yake kwenye fundo la kanga, akaniuliza lori la kambini linaondoka siku gani. Mdogo wangu alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akamuuliza bwana wa forodha bandarini anakwenda na nini. Akasema anakwenda kwa miguu.

"Baiskeli unajua?"

"Najua, mama."

"Iko ukutani, imeoshwa. Lete cherehani, kaka."

Shemeji akainuka, na kiti kikubwa kikabaki wazi. "Mke wangu, hilo tulizungumze."

"Nani aliinunua? Niliinunua kwa mawese yangu. Na kuzungumza umezungumza wewe tangu ulipoacha chumvi."

Cherehani ikaja kabla ndizi hazijaiva. Wifi alishonea barazani kwetu mpaka kwao kulipotulia akavuka, na mapazia ya mdogo wangu ni mkono wake. Shemeji akawa anakwenda sokoni Mwandiga kwa miguu, na huko Mwandiga akawaambia watu alitoa baiskeli yake kwa huruma ya wakimbizi. Wakamsifu. Kopo la poda hakuliacha hadi anakufa.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Labda ndizi zilikuwa mihogo, labda bwana yule hakuwa wa Tanga mjini bali Pangani. Mliokuwapo ambao bado mnapumua, nisahihisheni, sitakasirika. Ila njooni na mlichokiona kwa macho. Msije na msumari kunitobolea palipo pazima.