Kuitwa Mara Tatu

Kwetu, kwenye milima ya Njombe, mtoto haitiki mara ya kwanza. Ukisikia jina lako ndani ya ukungu, unanyamaza. Likiitwa tena, unanyamaza. Mara ya tatu, sauti ikitokea palepale ilipoanzia, ndipo unasema "Abee." Na ukungu wa kwetu si mchezo. Saa nne ya asubuhi unanyoosha mkono huvioni vidole vyako.

Aliyetufundisha ni bibi, mama yake mama, na hakufundisha kwa kubembeleza. Alitoka nje, akaniita mara moja, akanyamaza. Nikiteleza nikaitika, fimbo. Sababu tuliijua wote. Mdogo wake bibi, akiwa na miaka minane, aliitwa wakati anaokota kuni, akaitika, akaifuata sauti mpaka akatumbukia korongoni. Nani alimwita? Hapo bibi alifunga mdomo, nasi watoto tukajijazia wenyewe. Mimi nilimpa huyo mwitaji meno marefu na kucha. Nilimwogopa hata asubuhi nikashindwa kwenda chooni, nikajisaidia nyuma ya mlango, na fimbo nyingine ikanihusu.

Niliapa wangu sitamtisha namna hiyo. Kiapo cha mlevi. Mwaka huu binti yangu wa miaka saba alikuja kukaa nami Guangzhou, hapa mtaa wa Kangle ninakoshonesha magauni ya kupeleka Kariakoo. Haikupita wiki, kichochoro kizima kilikuwa kimelijua jina lake. Wanaliita kwa lafudhi yao, wanamwonyesha pipi, wanataka kumshika nywele. Huenda ni wema mtupu. Mimi niliona kucha. Nikamkalisha kitandani nikamfundisha kama nilivyofundishwa: mara tatu, na sauti isihame.

Juma lililofuata tulikwenda soko la vitambaa. Nikakwama kwa muuza kitambaa cha krepu, na mimi kwa ubishi sijambo.

"Laoban, tai gui," nikamwambia. Bosi, ghali mno.

"Meiyou," akajibu. Hakuna cha kupunguza.

Nikageuka nimshirikishe mwanangu kicheko. Hayupo.

Nilimwita. Kimya. Nikakimbilia kichochoro cha pili nikaita, cha tatu nikaita, huku toroli za umeme zilizosheheni majora zikinipita kwa kasi, madereva wanapiga honi bila kutazama chini. Kila toroli ilipokata kona nilisubiri kusikia kilio chake. Nilipofika lango la barabarani nikaona mabasi, watu, pikipiki, nikasema basi, nimempoteza mtoto wa watu. Ndivyo nilivyosema, mtoto wa watu, kana kwamba si wangu. Muuza krepu naye alikuwa ameacha duka wazi, anakimbia nyuma yangu akiliita jina lake kwa lafudhi ileile niliyoiogopa.

Kumsikia yeye anaita ndiko kulikonizindua. Mtoto huyu hawezi kuitika. Nimemfunga mdomo mwenyewe.

Nikarudi dukani. Nikasimama pale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama. Miguu yote miwili ilitaka kukimbia. Nikaita mara moja. Nikangoja. Nikaita ya pili. Nikangoja. Nikaita ya tatu.

"Abee, mama."

Chini ya meza ya kukatia, duka la jirani, nyuma ya majora. Alikuwa ameingia kuokota vipande vya kitambaa vya mwanasesere wake.

"Nilikusikia," akasema. "Lakini sauti ilikuwa inahama. Nikajua si wewe."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Kisha nikalia mbele ya muuza krepu, naye akanipa kiti na maji ya moto.

Jioni nilimpigia mama simu Njombe nikamsimulia, nusu nikicheka. Yeye hakucheka.

"Aliyemwita yule mtoto wa korongoni siku ile ni bibi yako," akasema.

"Bibi yupi?"

"Huyo huyo. Walitumwa kuni pamoja. Ukungu uliposhuka akaanza kumtafuta mdogo wake, anaita huku anatembea. Akapita ukingoni mwa korongo, yeye akavuka salama. Mwenzake akawa anaifuata sauti."

"Mbona hamkutuambia?"

"Wewe ungesema, mwanangu?"

Yule niliyempa meno marefu na kucha, niliyemkimbia utoto wangu wote, ndiye aliyekuwa akinimenyea viazi kila jioni, cha kwanza kikiiva ananipozea kwa pumzi yake.

Binti yangu aliniuliza bibi yake amesemaje kwenye simu. Nikamwambia anakusalimu.