Siku Tuliyokataa kwa Kunyamaza

Nakumbuka siku moja tuliyonyamaza kijiji kizima, mwanangu, kisha tukarudi nyumbani tukijipongeza kwamba tumekataa. Ukicheka sitakulaumu. Hata mimi hucheka nikiwa peke yangu jikoni, halafu kicheko kinakatika katikati kwa sababu namkumbuka Kogo na mguu wake.

Kogo alikuwa mama mkwe wangu. Kwetu Wakipsigis kogo ni nyanya, na kwa kuwa watoto wangu walimwita hivyo, nami nikazoea. Kaunti zilikuwa bado changa wakati huo, na mimi niliitwa kijana ingawa nilikuwa na watoto wa shule. Hapa kwetu mtu ni kijana maadamu yuko mzee wa kumtuma chumvi. Tuliishi ng'ambo ya mto, na kila tulichokihitaji kilikuwa upande wa pili: kituo cha kupimia majani chai, shule, soko, na barabara ya Kapkatet, ambako Kogo alikwenda kliniki ya kisukari. Tulivuka juu ya magogo yaliyolazwa juu ya maji. Mvua ya masika ikinyesha sawasawa, magogo yalikwenda na maji, nasi tukabaki tukitazama ng'ambo kama watu wasio na kwao.

Basi tukasikia kanisani kwamba kaunti inaita wananchi wa wadi waje watoe maoni kuhusu miradi ya mwaka. Tulikwenda wengi, Kogo akiwemo, tukaketi kwenye nyasi za uwanja wa shule ya msingi, wazee mbele na sisi akina mama upande wa chini. Afisa aliyekuja alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Akatusomea kwamba mradi mkubwa wa wadi yetu utakuwa taa ndefu ya sokoni, ile tunayoiita mulika mwizi. Daraja halikutajwa. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Sasa hapa nikueleze, maana ninyi mliokulia mjini mkarudi juzi juzi hamjui. Tuna kokwet, kikao cha majirani kinachoamua mambo ya kijiji. Katika kokwet yetu, mgeni haambiwi hapana usoni. Neno lisipopendeza, watu hunyamaza tu. Huyu anachuma unyasi anautafuna, yule anaanza kutazama ng'ombe wa mbali kana kwamba anataka kuwanunua. Mzee wa kokwet akiona hivyo, amekwisha kuelewa. Husema tulale nalo kwanza, na watu hukutana tena siku nyingine, na nyingine, mpaka neno lipatane. Ni hapana yenye adabu, na imetunza ujirani wetu tangu zamani.

Tulinyamaza vizuri sana siku hiyo. Arap Maritim, aliyekuwa mzee wetu wa kokwet, aliweka fimbo katikati ya magoti akatazama vilima. Afisa akauliza tena. Kando yangu alikaa Mama Atieno, fundi wa nguo kutoka huko ziwani, ambaye mume wake alifanya kazi katika kiwanda cha chai. Yeye hakuzijua desturi zetu. Nikamwona anaanza kunyanyuka, nami nikamvuta sketi.

"Kaa chini, dada," nikamnong'oneza. "Tunakataa."

"Mnakataa aje na hakuna mtu anasema?"

"Hivi ndio tunakataanga."

Akaketi. Afisa akaandika, akatushukuru kwa utulivu wetu. Tukaombewa, tukapewa soda na mkate, tukarudi. Njiani Arap Maritim alikuwa na furaha. "Huyo kijana ameelewa," alisema. "Atarudi." Tukamngoja arudi, kama wanavyongojwa wakwe waliokwenda kutafuta ng'ombe wa mahari.

Kilichokuja ni lori limebeba nguzo ya taa. Arap Maritim alikwenda mpaka kwa chifu kuuliza ni nani aliyekubali, akaambiwa kwa heshima zote kwamba ni yeye na watu wake: mkutano ulifanyika, swali liliulizwa, hakuna aliyepinga. Mzee alirudi nyumbani bila kumsalimia mtu. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chetu hakikuwa na mshindo wowote mbele ya kalamu.

Masika ilipofika, Kogo alikuwa na kidonda kidogo mguuni, cha kugonga jiwe shambani. Kwa mtu wa sukari hakuna kidonda kidogo. Magogo yalikuwa yamekwenda, na njia ya kuzunguka ilikuwa tope tupu, pikipiki zilikataa kuja. Kila asubuhi alisema atakwenda maji yakipungua. Yalipopungua tulimbeba, naye akakatwa vidole viwili. Walimsaidia vizuri pale hospitali, lakini tulikuwa tumechelewa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwalaani watu wa kaunti. Niliwaita majina ambayo sitayarudia kwako. Kogo aliniacha nimalize. Hakuwa mtu wa kukatiza maneno ya wengine, hata ya kijinga.

"Ng'ombe yako ikilia, unajua nini?" akaniuliza.

"Iko na njaa, Kogo."

"Na ikinyamaza?"

"Imeshiba."

"Basi huyo kijana alisema tumeshiba. Makosa yake ni gani?"

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa kuchuma chai miaka na miaka, lakini alijua kuushika wa mwenzake taratibu.

"Kokwet ni yetu na ni nzuri," alisema. "Tunyamaziane sisi kwa sisi, tunajuana. Lakini huyo hajazaliwa hapa. Yeye hutumia kalamu. Mtu wa kalamu unapatia neno. Na yule mama wa ziwani alitaka kuniongelea, wewe ukamkalisha."

Nililia, mwanangu. Si kwa sababu alinigombeza, maana sauti yake haikupanda hata kidogo. Nililia kwa sababu alikuwa ameyajua hayo tangu siku ile ya mkutano, akala chakula nilichompikia, wala hakuwahi kuninunia.

Kesho yake nilikwenda kibandani kwa Mama Atieno kumwomba msamaha. Alikuwa akishona sare za shule. Alisimamisha cherehani, akacheka. "Mimi nilifikiria munaniambia hapa si kwetu," alisema. Kumbe alikuwa amelibeba hilo moyoni siku zote hizo. Tulikunywa chai yake, tukapanga.

Tulichofanya hakikuwa na ujanja. Tulikwenda ofisi ya msimamizi wa wadi tukauliza, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Akatueleza kwamba miradi huingizwa kwanza katika mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na bajeti huja baadaye. Ukingoja mpaka bajeti isomwe, umefika karamuni wakati wa kuosha vyombo. Akatuambia pia kwamba maoni hupokewa kwa mdomo mkutanoni na kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, na kwamba hakuna anayehitaji kuwa msomi wala tajiri ili ayatoe. Tukaitisha kokwet. Safari hii tulibishana mpaka jua likaelekea kuzama, wengine wakitaka josho la ng'ombe, wengine maji ya bomba, mpaka wote wakakubali daraja litangulie. Tukaliandika kwa ukurasa mmoja, watu wa pande zote mbili za mto wakatia sahihi. Tukaupeleka kwa karani, nakala moja ikapigwa muhuri, tukabaki nayo.

Siku ya mkutano Kogo alisema hawezi kubaki nyumbani. Tukampakia kwenye pikipiki ipite njia ya kuzunguka, mguu umefungwa bendeji, shuka mabegani. Afisa alisoma mpango wake, ambao ulikuwa na taa nyingine tena, akauliza kama kuna mwenye maoni.

Kimya kikashuka. Nikuambie ukweli, desturi ni nzito. Wazee walianza kutafuna nyasi zao ingawa tulikuwa tumekubaliana, kwa sababu mgeni alikuwa mbele yetu, ana tabasamu, na kumwambia hapana kulikuwa kama kumfungia mtu mlango mvua ikinyesha. Nikamtazama Kogo, nikasimama.

"Mgeni wetu, utusamehe," nikasema. "Mwaka jana tulinyamaza hapa, na hiyo kimya ilikuwa ni kukataa. Leo nakataa na mdomo. Hatutaki taa ingine kabla ya daraja. Huyu ni mama yangu, na huu ndio mguu wake."

Hakuna aliyenitazama. Wajomba wa mume wangu waliinamisha vichwa, nami nikajua nimeiaibisha nyumba yetu. Nilitamani ardhi inifunike. Ndipo Arap Maritim akasimama, polepole, akiegemea fimbo.

"Huyu amesema na mdomo ya kokwet," alimwambia afisa. "Andika. Andika na jina yangu." Akageuka upande wetu, akamtafuta mtu kwa macho. "Na wewe, Mama Atieno. Ile siku ingine ulikuwa unataka kusema nini? Sema sasa. Tunasikia."

Mama Atieno akasimama akasema. Baada yake wakasimama wengine, hata wale ambao nilikuwa sijawahi kusikia sauti zao tangu niolewe. Afisa aliandika mpaka akageuza karatasi, na kabla hajafunga mkutano Arap Maritim akamwomba atusomee alichoandika. Akatusomea. Lilikuwepo neno daraja.

Usidhani lilijengwa wiki hiyo. Tulikwenda tena bajeti ilipokuwa ikijadiliwa, tukampigia simu mwakilishi wetu wa wadi mpaka akalijua jina la kila mama wa ng'ambo, tukauliza limefika wapi, tukauliza tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwishowe likaja, dogo, la chuma na simiti, la watu na pikipiki tu. Kogo alivuka akinishika mkono. Katikati akasimama, akatazama maji yakipita chini.

"Hii daraja nimelipa na vidole mbili," alisema. "Bei yake ilikuwa neno moja."

Mwanangu, juzi nimekusikia ukisema kwamba mikutano ya kaunti ni bure, wakubwa wameshaamua. Pengine kuna siku wameshaamua kweli, sikudanganyi. Lakini mnanung'unika usiku kucha kwenye simu zenu, na hakuna karani anayeyaandika manung'uniko hayo. Uliza mapema tarehe ya kikao, ofisini kwa wadi, kwa chifu, hata kanisani. Uombe mpango uusome kabla, na usipouelewa tafuta wa kukufafanulia. Kaeni kwanza majirani mpatane mnataka nini, maana penye wengi hapaharibiki neno, kisha mlipeleke mkiwa pamoja, kwa mdomo na kwa karatasi. Usiondoke kabla hujasikia kilichoandikwa. Na baada ya hapo fuatilia, bila matusi, bila kuchoka. Adabu si kunyamaza. Unaweza kumkatalia mtu na bado ukamkaribisha chai. Na mtu asiye wa kabila lako akitaka kusema neno la mto mnaouvuka wote, usimvute nguo akae.

Nenda kwenye mkutano wa kaunti Alhamisi. Mungu akupe sauti isiyotetemeka na sikio la kuwasikia wenzako. Chai yako ichipue, ng'ombe wako wakupe maziwa, na wanao wasilipe kwa miili yao kwa neno ambalo wewe ungeweza kulisema.