Michi ya kinu ilimtembeza baba, nami nikaigonga mbele ya kapita

Wakuu, hodi humu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia kwenye simu. Sitii chumvi. Nasimulia nilichokiona, na hadi leo sikielewi.

Tulikaa karibu na mji mdogo wa Wamaza, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Kila mwanaume mwenye nguvu aliandikwa kwenye orodha, na aliyeandikwa alilima pamba, apende asipende. Asipolima, fimbo na jela ya Kabambare. Mgonjwa alifutwa, ila lazima muuguzi aje kuthibitisha.

Baba akaanza kuumwa. Miguu ilikufa ganzi, ikakakamaa, jicho moja likaona ukungu. Wiki mbili anatambaa, wiki ya tatu anatembea kama si yeye aliyekuwa anatambaa.

Wengine walisema kalogwa, wengine mvivu. Mimi mtoto niliwaamini wote.

Sasa sikieni.

Kwetu mpunga hutwangwa na watu wawili kwenye kinu kimoja, michi inapokezana, na wimbo juu yake. Siku moja natwanga na mama, baba akanyanyuka mlangoni akaja mpaka kinuni, hatua moja kila mchi ukigonga. Tulipoacha, akakwama. Tukaendelea, naye akaendelea.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba aliona haya, mwanaume mzima kutembezwa na wimbo wa kutwanga.

Toka hapo tulimtwangia kila asubuhi, hata kinu kikiwa kitupu.

Ndipo muuguzi akaja, pamoja na kapita, yule msimamizi wa pamba. Mama alikuwa mtoni. Wakamwambia baba asimame. Akajaribu, akarudi chini.

Niliumia kumwona anaaibika mbele ya wageni. Nikashika mchi, nikagonga ndani ya kinu, kisha ukingoni, ili isikike kama tuko wawili. Nikaimba.

Baba alinitazama kwa muda. Kisha akashika nguzo, akainuka, akavuka ua mzima.

Kapita akamgeukia muuguzi. "Huyu mutu haiko mugonjwa. Anatembea muzuri."

Jina likabaki kwenye orodha.

Mama aliporudi hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Kesho yake tulibeba kinu mpaka shamba la pamba. Ndiyo wakuu, kinu shambani, watu walitucheka. Asubuhi miguu ilikubali. Jua lilipopanda ikagoma kabisa, tukatwanga mpaka viganja vikachubuka. Kapita akasema tunatwanga vibaya makusudi, akampeleka baba jela ya Kabambare.

Alirudi amebebwa. Hakusimama tena.

Siku moja nilipata moyo wa kumwomba msamaha. Akasema, "Lakini siku ile nilitembea muzuri, sivyo?"

Nikamjibu ndiyo, baba.

Mjukuu wangu huyu anafanya kazi ya kuwarudishia wagonjwa nguvu za viungo. Anasema dalili zile zinafanana na multiple sclerosis, ugonjwa wa neva, ila hawezi kuapa. Anasema siku hizi wagonjwa kama hao hutembezwa kwa mapigo ya muziki, na joto huwazidishia. Nilimsikiliza, kichwa kikazidi kuvurugika. Kwa hiyo tulikuwa tunamtibu? Au tulimponza?

Nilichojifunza ni hiki: mtu akitembea leo, usiseme jana alikuwa anadanganya. Na nguvu kidogo za mgonjwa ni zake, usiwaonyeshe wageni kabla hujamuuliza mwenyewe.

Wenye kuuguza wagonjwa wa aina hii, nisaidieni jambo moja tu, nitasoma kila jibu. Mapigo yale huivuta miguu yenyewe, au mgonjwa anaweza kuyasikia na bado akabaki amekaa?

Maana kama baba angeweza kubaki amekaa, basi alisimama ili mimi nisiaibike.