Mashine ilizunguka kinyume, Mama Mwiti akashangilia mapema

Marafiki, leo nimecheka hadi nikakaa kwa matope.

Mnajua Kendi wangu, anayesomea umeme chuoni hapo Nchiru. (Huyo nilimzaa mwenyewe, sikuazima.) Leo ameunganisha stima kwa mashine mpya ya kikundi chetu cha akina mama, ile ya kukatia ng'ombe majani ya nepia. Tulikubaliana ikae kwangu.

Kuwasha, ikazunguka kinyume! Nepia badala ya kuingia inarudi nje.

Mama Mwiti, aliyetaka ikae kwake, akaruka juu.

"Ameiua! Mota ikirudi nyuma inaungua! Mama Kendi, msichana ni wa kuolewa, si wa kuguza stima. Ipelekwe kwangu leo leo!"

Wenzangu wakaanza kutikisa vichwa kumkubalia.

Kendi akazima, ametulia tu.

"Mota haifi kwa kuzunguka kinyume kidogo. Ukiiacha hivyo ndio nati za visu zinaweza kulegea. Nabadilisha waya mbili tu." Akabadilisha. "Anti, toka hapo mbele ya bomba la kutolea majani."

"Mashine imekufa, itanifanya nini?" Mama Mwiti huyo, kiuno kimeshikwa, wigi mpya kichwani.

Kendi akawasha.

Mwathani, Mungu wangu! Nepia yote usoni, na mdomo ulikuwa bado wazi! Wigi ikaruka hadi kwa ng'ombe wangu.

Mwenye msichana kama wangu aseme hapa chini.

Mashine imebaki kwangu. Mama Mwiti, kuja uchukue wigi yako. Hata ng'ombe ameitema.