Mgonjwa Aulizwe Uji

Mwanangu Kame, nakumbuka ile siku nilibeba chetezo cha ubani, makaa yakiwa bado mekundu, nikakirusha uani mbele ya wageni kumi na mmoja. Kuku walitawanyika. Wageni walibaki wakinitazama kama nimepagawa. Wewe ulikuwa umelala mgongoni mwangu. Nakuandikia mapema, maana kuna watakaokusimulia vibaya.

Nyanya yako Talaso, mama ya baba yako, ana ugonjwa wa mapafu usiopona. Miaka mingi alifukiza vibuyu vya maziwa ya ngamia ili maziwa yakae na yanukie, akayauza sokoni hapa Isiolo. Moshi huo ulimlisha yeye na watoto wake, na ndio umemla. Si TB, alipimwa, hana. Daktari alimpa pampu ya kuvuta, akamfundisha kutoa pumzi polepole kama mtu anayepoza chai. Akasema atembee kidogo kila siku, dirisha liwe wazi, moshi usimkaribie.

Sasa sikia ukoo wetu unavyopenda mtu. Wakisikia amezidiwa, wanajaa, wengine kutoka Garbatulla. Mmoja anafunga dirisha, ati upepo utamwingia kifuani. Mwingine anawasha ubani, ndiyo heshima ya kumzuru mgonjwa. Akiinuka atembee wanamlaza tena: "Lala, mama, sisi tupo." Na sitajificha, mwanangu: miaka miwili aliyekuwa akiwasha huo ubani ni mimi. Nimesoma hadi kidato cha nne, daktari nilimsikia kwa masikio yangu, nikanyamaza nisiitwe mke asiye na adabu.

Siku hiyo baba yako alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe. Mama, yaani nyanya yako, aliketi viwiko juu ya magoti, midomo rangi ya jivu. Akanyoosha kidole dirishani. Hakuna aliyetazama.

"Mama anataka dirisha," nikasema.

Mjomba Guyo, kaka mkubwa wa Mama, hata hakugeuka. "Wewe bibi wa shule, mgonjwa haulizwi uji."

Wakacheka. Hapo ndipo chetezo kiliporuka. Nikasukuma dirisha mpaka bawaba zikalia. "Aulizwe! Kifua ni chake, aulizwe!"

Mjomba akaamuru nirudishwe kwetu, akaapa kesho yake atanishtaki kwa chifu. Mama akavuta pampu yake, akangoja, kisha akasema neno moja moja: "Guyo... unanuka tumbaku tangu ujana. Kaa... mlangoni."

Mwanangu, methali nyingine ni za kukataliwa. Kumtunza mtu si kumfunika kama chungu. Muulize. Akitaka kufika langoni, mshike mkono, usimbebe. Ijue pampu yake kama unavyolijua jina lake. Wakikuita mkali, itika. Heshima si utumwa. Na ukijua jambo, usikae nalo miaka miwili kama mimi. Mungu akupe kifua kipana, na mdomo ambao hakuna mjomba atakayeufunga.

Asubuhi tulimtangulia Mjomba. Mama alitembea mwenyewe hadi kwa chifu, akipumzika mara nne njiani, akipoza chai isiyokuwepo. Chifu akauliza nani ana malalamiko, mimi au yeye. "Mimi," akasema Mama. Alitamka, nikaandika, akaweka kidole gumba:

"Kwa Chifu. Mimi Talaso, mkaaji wa Chechelesi, nalalamikia jamaa zangu. Wananipenda mpaka sipumui. Naomba waitwe, waambiwe: anayekuja kunizuru aje bila moshi, aache dirisha langu, na aniulize. Wa kwanza kulalamikiwa ni mke wa mwanangu, aliyejua akanyamaza. Wa pili ni kaka yangu Guyo. Huyo wa kwanza asirudishwe kwao. Ndiye aliyefungua dirisha."